Mtungi Uliorudi Umejaa

Mahmoud hakutaka kusema neno mpaka auweke mtungi juu ya kaunta.

"Unyanyue, Mzee."

Ephraim Mbawala akaunyanyua. Ulikuwa mtungi mdogo wa gesi, wa kilo tatu, wa kupikia safarini. Mzito. Akautikisa karibu na sikio, akausikia ukicheza kwa uvivu kama tumbo la mtu aliyeshiba.

"Umejaa," alisema.

"Umejaa, na angalia mdomoni. Kizibo cha plastiki cha kiwandani hakijaguswa." Mahmoud alikuwa mtu wa Mombasa, mwenye spaza, duka dogo la mtaani, hapo Troyeville, Johannesburg, miaka kumi na moja. Alizungumza huku jicho lake moja likiwa kwenye mlango wa chuma. "Nilimwazima Évariste mwezi wa sita, siku aliyoondoka na mkewe kwenda kutafuta nyumba huko jangwani. Nilimwambia, ndugu yangu, kule baridi inaua, chukua wa akiba, urudishe mtupu. Jumanne mke akaja peke yake. Kautoa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, kaniwekea hapa. Mume yuko wapi? Hajibu. Kaondoka."

"Labda wa kwao ulikuwa bado una gesi."

"Subiri." Mahmoud akatoa simu, akatafuta, akaweka ujumbe wa sauti wa Jumapili iliyopita. Sauti ya mwanamume mtu mzima, yenye mafua, ikajaza duka: *Mahmoud, ya kwetu imeisha leo. Kesho tunafungua yako. Baridi ya huku, ndugu, inaingia mpaka mu meno.*

Ephraim akaomba ujumbe urudiwe. Akaandika katika daftari lake: Jumapili, gesi yao imeisha. Jumatatu, mke anapanda basi na gesi nzima. Mume anabaki na mtungi mtupu. Akapiga mstari chini ya neno *mtupu*.

"Jambo la mwisho," Ephraim alisema. "Simu ya mama huyo imejaa jina lako. Mara tatu kwa siku. Shemeji yake anasema wewe ndiye sababu."

Mahmoud akacheka mpaka akashika kaunta. "Mimi? Yule mama anaweza kunizaa! Napiga kumuuliza mumewe yuko wapi. Polisi hawamuulizi, basi namuuliza mimi."

Hilo lilikuwa kweli. Ephraim alinunua chupa ya maji ili asitoke mikono mitupu, akatoka.

Emery Kabamba, mdogo wake Évariste, alikuwa akimsubiri ndani ya Corolla, bado amevaa sare ya ulinzi ya zamu ya usiku. Ndiye aliyemwajiri Ephraim amtafute kaka yake. Kabla ya hapo alikwenda kituo cha polisi, akapewa namba ya kesi kwa simu. Namba ndiyo dawa ya polisi wa nchi hii. Wakishakupa, wamekwisha kukutibu.

"Umeona gesi?" Emery aliuliza.

"Nimeiona."

"Nilikuambia, Papa Ephraim. Alimuua. Mutu gani anaacha bwana yake mu baridi, anabeba gesi?"

"Endesha."

Robot ya kona, taa za kuongozea magari, ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Mtu mmoja asiye na makazi alikuwa akiongoza magari kwa kofia. Angalau yeye alikuwa kazini.

Njiani Ephraim alipanga upya anachokijua. Évariste Kabamba, fundi cherehani wa Lubumbashi, miaka sitini na mbili, na mkewe Jocelyne, walikaa Berea miaka kumi na nane katika jengo moja. Mwezi wa nne wakubwa wa jiji wakaja na walinzi wa ovaroli nyekundu na karatasi: jengo ni la hatari, tokeni. Lilikuwa la hatari tangu miaka kumi nyuma, wakati wakubwa hao hao walipoacha kulitengeneza. Wakaahidi makazi ya muda. Watu wakaandikwa majina. Majina bado yako kwenye karatasi. Évariste akanunua kombi kuukuu, akaligeuza nyumba kwa mikono yake: kitanda nyuma, jiko, tangi la maji, mapazia ya maua. Mtu akamwambia miji midogo ya jangwani ina nyumba zinazooza bila watu. Wakaenda katikati ya baridi, wakilala ndani ya kombi, kila siku wakitazama kuta za wengine. Watu wawili walikwenda. Mmoja amerudi.

Lifti ya jengo alikofikia Jocelyne haikufanya kazi. Walipanda ngazi mpaka ghorofa ya sita. Jocelyne alikuwa amepewa pembe moja na Denise, mwenzake wa kanisa, katika fleti ya watu tisa. Pembe yenyewe ilikatwa na pazia la kijani. Ephraim alilisikia cherehani kabla ya kumwona mtu. Mguu haukukosea hata mara moja.

"Hodi, Mama Jocelyne."

"Ingia, Papa." Hakuinua kichwa. Alikuwa akishona kola za sare za shule. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. "Na huyu mwenye kunitukana mu kanisa, aingie pia. Viti havipo."

"Ndugu yangu iko wapi?" Emery alisema.

"Bonjour kwako pia, shemeki."

Ephraim aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mara ya mwisho ulimwacha wapi?"

"Mu jangwa."

"Jangwa ni kubwa."

"Ni kubwa, kweli."

"Kwa nini umerudi?"

"Kazi. Sare zinahitajika shule ikifunguliwa."

"Na gesi ya Mahmoud?"

"Yetu ilikuwa ingali. Hatukuhitaji yake."

"Évariste alimwambia Mahmoud kwa sauti yake mwenyewe kwamba yenu imekwisha. Jumapili. Nimeisikia leo asubuhi."

Cherehani likasimama. Mahali palipokuwa na mlio pakabaki redio ya jirani. Kisha mguu ukaanza tena, taratibu zaidi.

"Basi nilisahau," alisema.

Emery hakungoja zaidi. Aliinama, akavuta begi lililokuwa chini ya kitanda, akalimwaga juu ya blanketi. Ikaanguka simu ya Évariste. Ukaanguka ufunguo wa gari wenye kishikio cha mbao. Vikaanguka vidonge katika mfuko wa kliniki wenye jina KABAMBA É. Mwisho vikaanguka viatu vya kiume, vyeusi, vya kufunga kamba.

Emery akashika kichwa. "Viatu! Papa Ephraim, ni viatu yake! Umemuzika bila viatu? Mushenzi wewe! Unabeba viatu ya mufu!"

Denise alichungulia kutoka upande wa pili. Sauti zikaanza kupanda kwenye korido: *amekiri? amekiri?*

"Emery," Ephraim alisema bila kupaza sauti, "nenda ukasimame nje ya mlango. Asiingie mtu."

"Mi ndiye ninakulipa!"

"Ndiyo. Unanilipa nitazame. Huwezi kutazama ukipiga kelele."

Emery akatoka, akaubamiza mlango.

Ephraim aliwasha tochi ya simu yake. Aliviangalia viatu kwanza kwa juu. Kamba zilifungwa pamoja, fundo la fundi cherehani, dogo na safi. Soksi zilikunjwa ndani. Maiti haikunji soksi. Muuaji akiwa na haraka naye hakunji; tena hasafiri saa nyingi kwenye basi na ushahidi mapajani. Aliyevivua viatu hivi aliketi chini, akavivua mwenyewe, akampa mtu avitunze.

Akavigeuza. Alitegemea mchanga. Kulikuwa na mchanga kidogo, mwekundu, lakini ndani ya mifereji ya soli kulikuwa kumebanwa vijiwe vya kijivu vyenye pembe kali, mawe ya kupondwa kwa mashine. Kisiginoni kulikuwa na doa jeusi. Akalinusa. Lami kali, inayopanda mpaka machoni. Harufu hiyo aliijua. Alilinda yadi za treni miaka kumi na miwili, alipofika Johannesburg kutoka Morogoro na mkewe Lerato, mkimbizi wa Afrika Kusini aliyekuwa akirudi kwao, siku zile wakubwa walipoahidi kila mkimbizi aliyerudi nyumbani atapewa nyumba. Lerato alifia kwenye benchi la hospitali, akimsubiri daktari aliyekuwa mkutanoni. Hiyo ndiyo nyumba aliyopewa.

Ilikuwa dawa wanayopaka mataruma ya reli yasioze.

Kwenye mkono wa begi ilikuwa bado imefungwa karatasi ya mizigo ya basi: KOLKPAN.

"Mama," alisema, "Kolkpan hakuna treni siku hizi. Niliwahi kuwa kwenye reli. Zile njia za matawi walizifunga, wakaacha vituo vimesimama na nyumba za wafanyakazi. Nyumba nzuri za matofali. Tupu."

Jocelyne aligeuza kola, akashona upande wa pili.

Ephraim alizima tochi, akainua macho kutazama pazia. Kwenye pindo lake, usawa wa macho ya mtu aliyelala, palikuwa na pini za kushonea zimechomekwa kwa mstari. Akazihesabu. Sita. Baada ya ya sita palikuwa na alama ya chaki, imeachwa wazi.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

Akajumlisha. Miguu mitupu. Hakuna moto. Hakuna chakula cha kupikwa. Hakuna simu. Siku saba. Na nyumba tupu mbele.

"Anaizunguka," alisema. "Kama Yeriko. Mara moja kila siku, na kesho mara saba. Kuta zianguke, yaani nyumba iwe yenu."

Sindano ikamchoma Jocelyne kidoleni. Hakulia. Aliweka kidole mdomoni, akamtazama Ephraim kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Nani amekuambia?"

"Hujavunja nadhiri. Hukunieleza wewe."

"Kesho, Papa. Kesho tu inaisha. Kesho jioni ninapanda basi na gesi na chakula, ninamuletea funguo. Waache baniite muuaji siku moja tena, ni kitu gani?"

"Usiku wa jana kule maji yameganda ndani ya mabomba. Na hivi?" Akainua mfuko wa kliniki. "Sukari na presha. Ulivichukua wewe?"

Jocelyne aliisukuma kola pembeni. "Hapana. Nilifika huku, nilifungua begi, ninavikuta. Aliviweka mwenyewe. Hakuniambia."

"Ulivikuta lini?"

"Siku ya Jumanne."

"Leo Jumamosi."

"Ninajua leo ni siku gani!" Pazia lilitikisika kwa sauti yake. "Niliapa. Nikitaja jina la fasi ile kwa kinywa changu, nyumba imeenda, na taabu yote ya bwana yangu imekuwa bure. Sharti liko vile."

"Sharti la nani?"

"La nabii."

"Nabii yupi? Wa kanisa lenu?"

"Hauwezi kumujua."

Ephraim aliandika *nabii*, akaweka alama ya kuuliza. Kila mahali nchi hii kuna mkubwa anayekaa kwenye joto na kuwatuma wengine kwenye baridi. Huyo angemtafuta baadaye, na kwa hamu. Sasa alipiga simu.

Thabo, kaka yake Lerato, aliendesha treni za madini miaka thelathini. Aliitikia akitafuna.

"Sbari, shemeji yangu, reli iliyokufa inayotoka Kolkpan. Ina vituo vingapi vyenye nyumba?"

"Ah, Ephraim! Mchana mwema na kwako. Nyumba ambazo bado zina paa? Vitatu tu. Vingine wamebeba mabati."

"Nitajie, polepole. Naweka sauti kubwa."

Jocelyne alielewa. Aliinamia cherehani, akakanyaga kwa nguvu, mlio ukajaa pembe yote, kana kwamba angeweza kuyazamisha majina ndani yake. Ephraim hakumtazama usoni. Uso wa mtu aliyefukuzwa mara nyingi hujifunza kutulia. Alitazama mguu.

"Vaalrand," Thabo alisema.

Mguu uliendelea.

"Blouhaak. Pale palikuwa na mbwa mmoja mbaya..."

Uliendelea.

"Na Steenput, cha mwisho kabisa. Nyumba tatu kwa mstari."

Mguu haukusimama. Ulikosea. Mara moja tu. Uzi ukakatika, na Jocelyne akaendelea kushona bila uzi, sindano ikitoboa kitambaa kitupu tundu baada ya tundu.

"Asante, sbari," Ephraim alisema.

Akapiga polisi wa Kolkpan. Akaeleza: mzee, mgonjwa wa sukari, siku ya sita bila chakula, kituo cha Steenput. Sauti ya kijana ikamjibu kwamba gari ni moja, na limempeleka mkubwa uwanja wa ndege. Arudie Jumatatu, na asisahau namba ya kesi.

Ephraim akafungua mlango. Emery alikuwa bado amesimama pale, watu saba nyuma yake.

"Kwenye kikundi cha kanisa lenu, nani anakaa Kolkpan?"

"Kule? Hakuna mutu."

"Hakuna mji wa nchi hii usio na kinyozi wa Kongo. Uliza."

Dakika nne zikatosha. Joël, wa Likasi, kinyozi, ana bakkie, gari la kubebea mizigo. Alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akaenda.

Wakangoja saa moja na nusu. Emery aliambiwa habari za Yeriko, akasema ni uongo, kisha akasema ni ujinga, kisha akakaa sakafuni. Jocelyne alikuwa ameacha kushona. Alishika mfuko wa vidonge kwa mikono miwili.

Simu ilipoita, Ephraim aliweka sauti kubwa. Upepo ulikuja kwanza, halafu Joël, akihema.

"Kombi nimeiona. Mlango wazi. Kitanda kimetandikwa. Mutu hayuko."

Emery akafunga macho.

"Kuna nyumba tatu. Ile ya kwanza imezungukwa na alama za miguu, miguu mitupu, zinaonekana wazi kabisa. Zinazunguka mara mbili. Halafu hapa kuna alama ya mutu kuanguka. Halafu... ngoja. Ngoja. Kuna alama zingine. Za viatu. Wawili, watatu. Wamemuvuta."

"Kuelekea wapi?" Ephraim aliuliza.

"Nyumba ya tatu. Madirisha yamefungwa na mbao." Sauti ikashuka. "Papa, kuna moshi kidogo. Kuna mutu ndani."

"Gonga. Jitambulishe kwa sauti. Sema wewe si wa serikali."

Walisikia mbao zikigongwa. Walisikia Joël akisema Kiingereza, akisema Kitswana chake cha kinyozi. Komeo. Sauti ya mwanamke, kali, inayouliza mambo mengi kwa pamoja. Kisha Joël akarudi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Iko muzima. Amelala juu ya godoro lao, amefunikwa. Anaongea. Hawa watu wanakaa hapa miaka miwili, mama na watoto wake. Muzee alipoanza kuzunguka nyumba, walidhani ni mutu wa reli amekuja kupima ili awafukuze. Walijificha siku mbili bila kuwasha moto. Alipoanguka siku ya pili, yule mama akasema, mutu wa serikali haangukagi. Ndiyo wakamuchukua. Wanamupa uji na maziwa ya mbuzi."

"Kwa nini hawakupiga simu?"

"Wapigie nani, Papa? Polisi waje wawakute ndani?"

Emery alikuwa amekwisha kusimama. Alipita mbele ya Jocelyne. "Ninaweka mafuta mu gari," alisema. "Shemeki, leta ile dawa. Tunaenda." Wakamsikia akishuka ngazi mbilimbili, akiwapigia kelele watu wa korido wampishe, muzee iko muzima, muzee iko muzima, eish, mupishe!

Jocelyne alikusanya vitu: ufunguo, simu, vidonge, viatu. Akachomoa pini zote sita kutoka kwenye pazia, akazichomeka kwenye kimto cha pini, kwa maana pini ni za kazi.

"Mama," Ephraim alisema, "mumeo yuko salama. Sasa nipe jina la nabii. Mtu aliyemwambia mgonjwa wa sukari akae jangwani bila chakula, bila viatu, bila ufunguo wa gari lake, huyo nitamfuata mpaka mlangoni. Hata kama ana walinzi."

"Hakuna nabii."

Kalamu ya Ephraim ilibaki hewani.

"Ni mi niliota ile nyumba," Jocelyne alisema. Alikaa tena, begi mapajani. "Hapana. Hata sikuota. Nilimuambia nimeota. Tulitazama nyumba kumi na nne, Papa. Kila moja wanatuangalia, wanasikia tunavyoongea, nyumba imeshachukuliwa. Ile Jumapili gesi ilipoisha, aliketi mu kombi akageukia ukuta, akasema hatafuti tena. Atalala tu. Wewe haujui bwana yangu akigeukia ukuta. Baada ya kufukuzwa Berea aligeukia ukuta wiki tatu. Nilitafuta kitu cha kumuinua. Nikasema Mungu amenionyesha ile nyumba ya kwanza, na masharti yake. Akaamuka. Akavaa shati safi. Alikuwa na furaha, Papa, kama kijana."

"Na ufunguo?"

"Nilijua siku ya tatu atachoka, atarudi. Nikauchukua, asirudi."

"Na ulipoona vidonge?"

"Nikitaja fasi, inabidi nitaje ndoto." Alifuta midomo yake iliyopasuka kwa kiganja. "Nilifikiri, labda Mungu atanionea haya, aifanye kweli."

Chini mtaani honi ikalia, mara tatu, kwa furaha. Denise aliita kutoka jikoni kwamba shemeji anasubiri, ameweka blanketi kwenye kiti cha mbele.

Ephraim alitazama ukurasa. Alikuwa na jina la kuandika, na nafasi yake, na kalamu. Akalifunga daftari.

Jocelyne akasimama. "Utamuambia Emery?"

"Steenput ni mwendo wa saa saba," Ephraim alisema, akimshikia pazia apite. "Mwambie mwenyewe."